Maneno 650 Kuhusu Mama

Binamu yangu alipata A kwenye KCSE ya 2024. Watahiniwa walikuwa 962,512, A zilikuwa 1,693. Siku hiyo hapa Malava anti alipika chai mpaka sukari ikaisha, na jamaa wa bodaboda wakapiga honi hadi barabara ya Webuye wakarudi. Wiki tatu baadaye nikapata ujumbe saa sita usiku: “Kuzo, nataka kuomba Harvard. Nina chansi gani?”

Aliniuliza mimi kwa sababu naandika. Pia, nadhani, kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili, na mtu aliyetoka huonekana kama anaujua mlango.

Nilimjibu kwa hesabu. Walioomba nafasi ya kuingia Harvard mwaka 2024 walikuwa 54,008, waliokubaliwa 1,937. Hawafiki wanne kwa kila mia. Pesa si kizuizi sana, maana chuo hicho humsaidia mwanafunzi kulingana na uwezo wa kwao, hata akiwa mgeni. Lakini hiyo hesabu haikuwa yake. Ile kesi iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2023 ilianika mengi: mtoto wa aliyesoma pale, au mwanariadha aliyesakwa na kocha, ana chansi kubwa kuliko mwenzake anayetoka kusikojulikana. Hata hapa kwetu tumewahi kuonja hayo. Mradi wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka 2004 na John Manners pamoja na Mike Boit, ulianza na vijana wa Bonde la Ufa, na wenye A zao walikimbizwa mita 1500 kule Iten, ikiwa kuna mwenye miguu ya kumvutia kocha wa Marekani. Sicheki. Vijana wengi walipita hapo wakafika mbali. Ila nikiangalia milima ya Nandi kutoka huku kwetu najiuliza ni wangapi walizaliwa upande huu, na mbio hawana.

Na hiyo A yenyewe? Mwaka 2015 zilikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016, wizi wa mitihani ulipobanwa, zikawa 141. Binamu yangu ana akili, sibishi, lakini hata akili inahitaji kuzaliwa mwaka unaofaa.

Haya yote nilimwambia, akaniuliza swali la pili, na hapo ndipo tulipoharibu. “Sasa insha?”

Wanataka insha isiyozidi maneno 650, uwaonyeshe wewe ni nani. Rasimu yake ya kwanza ilihusu mizani. Alipokuwa mdogo alikaa kando ya barabara akiangalia trekta zinavyovuta trela za miwa, akikisia uzito kwa kutazama jinsi tairi zilivyobonyea, kisha anamuuliza dereva akirudi. Alikuwa na daftari la makisio. Kwa kweli ilikuwa nzuri. Mimi, mtaalamu, nikamwambia: “Poa, lakini mama yuko wapi?”

Kazi yangu ni kuuza maneno, najua kinachonunuliwa. Rasimu ya pili ikaja na anti akipalilia miwa ya watu, mgongo umepinda, usiku wa kulala na chai pekee, binti anasoma kwa mwanga wa koroboi. Mambo hayo yalitokea, isipokuwa koroboi. Koroboi nilimwongezea mimi. Wana taa ya sola tangu yuko darasa la tano. Nilipomaliza kuisoma nilihisi kama mtu aliyechungulia bafu la anti yake.

Rafiki yangu mmoja haoni shida. Anasema matajiri wanalipa washauri wawapambie watoto, basi maskini naye auze alicho nacho. Mbona yeye peke yake ndiye aone haya? Hoja yake ina uzito, na koroboi ukiitoa, kosa la uongo linaisha. Lakini bado kuna kitu kinanisumbua. Ile hadithi ina wenyewe wawili, na mmoja wao hakuulizwa. Tena fikiria binamu yangu akikubaliwa: ataishi miaka minne akijiuliza kama walimchukulia akili au mgongo wa mamake. Akikataliwa je? Atakuwa ameanika aibu ya nyumba kwa mtu asiyemjua, na huyo mtu akasema hapana, asante.

Michael Sandel, mwanafalsafa anayefundisha Harvard kwenyewe, alipendekeza katika kitabu chake cha 2020, The Tyranny of Merit, kwamba wote waliofikia kiwango watiwe kwenye bahati nasibu. Anataka washindi wapunguze kujiona. Mimi naipenda kwa sababu nyingine: bahati nasibu haiombi kuona kidonda chako.

Nilimwambia binamu yangu hivyo nikidhani nimemfariji. Akakasirika. “Afadhali nikataliwe na mtu amenisoma. Kura itanijua aje?”

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Muda nao unakimbia. Matokeo ya KCSE hutoka Januari, na maombi ya Harvard hufungwa tarehe 1 Januari, kwa hiyo lazima asubiri mwaka mzima, wakati KUCCPS inampangia nafasi hapa nchini ambayo hakuna mtu wa akili timamu angeichezea. Anti hajaelewa mbona mtoto mwenye A yuko nyumbani akichapa barua kwa simu. Basi Jumapili iliyopita tukamketisha, tukamsomea insha, sentensi kwa sentensi, binamu yangu akiigeuza Kikabras.

Alisikiliza akichambua mboga. Tulipofika kwenye koroboi akainua kichwa. “Hiyo taa ni ya nani?”

Nikakiri ni yangu.

“Itoe.” Akaendelea na mboga. Tulipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akasema kupalilia tuandike tu, si siri, Malava yote inamwona. “Lakini mbona mmeandika nachoka? Andikeni pia nawashinda wanaume. Mstari wangu huisha kwanza.”

Binamu yangu alicheka, akafuta ukurasa mzima, akaanza upya na lile daftari la mizani. Mama yumo, sentensi moja, anamaliza mstari wake kwanza.