Rasimu na Mkono wa Pili

Mwaka 1504 Jamhuri ya Florence ilimkabidhi Michelangelo kazi ya kuchora vita vya Cascina katika ukumbi wa Baraza Kuu, ukumbi ule ule ambamo Leonardo da Vinci alikuwa amekwisha kupewa vita vya Anghiari. Michelangelo hakutia hata tone la rangi ukutani. Alichoacha ni rasimu: mchoro mkubwa wa kulingana na ukuta, wenye askari wa Florence wanaooga katika mto Arno mwaka 1364 na kukurupuka majini baada ya kusikia mbiu ya hatari. Papa Julius wa Pili akamwita Roma, picha ikaishia hapo. Rasimu yenyewe nayo ilipotea. Giorgio Vasari, mchoraji aliyeandika maisha ya wasanii wa zama zile, anasimulia kwamba wachoraji waliachiwa uhuru mno wa kuisogelea na kuinakili, hadi ikachanwa vipande vipande. Leo utunzi ule tunaujua zaidi kupitia ubao mdogo wa rangi za kijivu ulioko Holkham Hall, Uingereza, unaohesabiwa kuwa kazi ya mchoraji Aristotile da Sangallo ya mwaka 1542 hivi. Tunachokitazama, basi, ni nakala ya mkono ya maandalizi ya picha ambayo haikuwahi kuchorwa. Je, kitu cha namna hiyo kina ukweli gani? Naamini kina ukweli wa ushahidi, na kwamba kinapaswa kupimwa kama tunavyompima shahidi: alikuwa wapi, aliona nini, na ameongeza nini cha kwake.

Nelson Goodman, mwanafalsafa wa Marekani, alishikilia mwaka 1968 kwamba katika uchoraji historia ya kutengenezwa kwa kitu ni sehemu ya kitu chenyewe. Muziki ukipigwa upya kwa usahihi bado ni muziki ule ule, lakini nakala ya picha, hata ikifanana na asili kiasi cha kutotofautishika, haiwi asili. Nakubaliana naye, ila rasimu ya ukutani inaitia hoja hiyo katika mtihani. Mchoro wa aina hiyo ulitengenezwa ili uhamishwe. Kwa kawaida mafundi wa zama zile walitoboa mistari yake kwa sindano, wakapigapiga unga wa mkaa juu ya matundu, na alama zikabaki kwenye plasta. Kama Cascina ingekamilika, ukuta wenyewe ungekuwa nakala ya karatasi. Kwa hiyo utunzi, yaani mpangilio wa miili, mielekeo na uzito wake, ulikusudiwa tangu mwanzo uvuke kutoka mahali pamoja hadi pengine, na Sangallo hakuudhulumu kwa kuuvusha.

Lakini rasimu haibebi utunzi peke yake. Inabeba pia kutafuta. Katika karatasi za masomo ya Cascina zilizosalia, mojawapo ikiwa ya mwanamume aliyeketi akijipinda, iliyoko British Museum, tunamkuta mtu anayeuliza mwili unavyogeuka huku bado hajapata jibu lote. Hapa ndipo nakala inapofikia mpaka wake. Mchoraji wa kwanza huurudia mstari kwa sababu ameutilia shaka ule wa awali. Anayenakili huuchora mara mbili kwa sababu ameona miwili. Umbo ni lile lile, tendo si lile lile. Shaka ikishanakiliwa huwa ni habari kuhusu shaka. Vasari anasema Michelangelo alichoma michoro yake mingi kabla ya kufa, asitake watu waone jinsi alivyohangaika. Jambo hilo linaniumiza kila ninapolifikiria, maana kilichoteketea ni sehemu ambayo hakuna mkono wa pili ambao ungeweza kuirudisha.

Atatokea wa kusema kwamba, ikiwa ni hivyo, kamera inatosha: haichoki, haibuni, haichagui. Kwa rasimu iliyopo, picha ya kamera ni shahidi bora wa uso wa karatasi. Hata hivyo, anayenakili kwa mkono hulazimika kuamua mambo ambayo kamera haiulizwi: mstari upi ulitangulia, uzito wa mwili uko mguu gani, bega linaishia wapi. Wachoraji Raphael na Andrea del Sarto, ambao Vasari anawataja miongoni mwa walioisoma rasimu ile, walikuwa wakijifunza kufikiri kwa kufuata hatua za mwenzao. Nakala ya namna hiyo ni matokeo ya kuelewa, na kuelewa hakuonekani katika kipimo cha kufanana.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwingine. Siku hizi nakala za mkono huzalishwa kwa wingi, na mtaa wa Dafen mjini Shenzhen, China, umejulikana kwa biashara hiyo tangu mwishoni mwa karne iliyopita. Mara nyingi mchoraji hufanyia kazi picha ya kamera, na vipimo hufuata ukuta wa mteja. Ustadi wao ni wa kweli. Wala siwezi kuwalaumu kwa kubadili ukubwa na vifaa huku nikimsifu Sangallo, aliyeupunguza mchoro wa ukubwa wa ukuta ukawa ubao mdogo wa rangi. Tatizo huanza pale mapengo yanapozibwa: rasimu iliyoachwa wazi inapewa anga, nyuso zilizokamilika na mng'aro, ili ipendeze sebuleni. Shahidi huyo anasema zaidi ya alichokiona.

Nalo kosa hilo halihitaji mchoraji dhaifu. Mchoraji Peter Paul Rubens alizaliwa mwaka 1577, baada ya Vasari kuupaka upya ukumbi ule wa Florence, kwa hiyo Anghiari ya Leonardo hakuiona ukutani. Mchoro maarufu wa vita hivyo ulioko Louvre unaaminika kuwa nakala ya mtu mwingine ambayo Rubens aliifanyia kazi upya. Ni mchoro wa kutetemesha, na kwa sababu hiyo hasa hatujui ghadhabu ya wale farasi ni ya nani. Sangallo hakuwa na kipaji cha kiasi hicho. Upungufu huo ndio unaomfanya aaminike: pale kiwiliwili katika ubao wake kinapolingana na karatasi ya Michelangelo iliyosalia, tunapata sababu ya kumsadiki hata kwa miili ambayo karatasi zake zimepotea.