Mtoto Mgonjwa na Kitabu cha Mganga

Siku moja, baada ya mafundisho ya jioni hapa Musonoi, mama mmoja alibaki nyuma ya wenzake akatuuliza neno. Mtoto wake wa miezi tisa alikuwa ameharisha na kutapika siku mbili, hata macho yakaingia ndani na machozi yakakauka. Hospitali walimpokea vema, wakamtia serumu. Kisha akaja kijana mwenye koti jeupe, akatia choo cha mtoto katika kichupa, akaandika umri na uzito wake katika kitabu, akaenda zake bila kusema neno. Mtoto alipona. Lakini mama hakuambiwa kamwe kilichoonekana katika kile kichupa. Akasema, “Mwalimu, yule kijana alikuwa akimtazama mtoto wangu, au alikuwa akitazama kitabu chake?”

Swali hili si dogo, wala si la mama mmoja tu. Ndiyo sababu twaliandika hapa, wasomaji wapenzi, tupate kulifikiri pamoja. Je, ni haki kumfanya mtoto mgonjwa awe somo la wenye elimu, naye hawezi kusema ndiyo wala siyo?

Kwanza tujue ugonjwa wenyewe. Watoto wadogo wa nchi zote, wa maskini na wa matajiri, hupatwa na kuharisha kunakoletwa na kijidudu kiitwacho rotavirusi. Sisi tuliosoma Kilatini kidogo katika seminari twajua ya kuwa rota maana yake ni gurudumu. Kijidudu kilipewa jina hilo mwaka 1974, kwa kuwa katika hadubini kilionekana cha mviringo kama gurudumu. Waliokigundua mwaka 1973 ni Ruth Bishop na wenzake, katika mji wa Melbourne huko Australia. Nao walikigunduaje? Walichunguza vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliolazwa kwa kuharisha. Basi tangu mwanzo elimu hii ilitoka katika miili ya watoto wagonjwa.

Pengine mtu atasema, “Mganga na atibu tu, uchunguzi wa nini?” Twajibu kwamba mganga asiyechunguza hutibu kwa kubahatisha. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi waliingia India, na kipindupindu kikawaua makambini. Serumu ilipokwisha, mganga Dilip Mahalanabis aliagiza wagonjwa wanyweshwe maji yaliyotiwa chumvi na sukari kwa kipimo. Kabla ya hapo watu karibu 30 katika 100 walikuwa wakifa. Katika wale aliowahudumia hawakufika 4. Waganga wengi walikuwa hawasadiki kwamba kinywaji kaweza kufanya kazi ya sindano, na kama asingaliandika hesabu yake, wangalisadiki kwa nini? Leo mama wa Musonoi apewapo paketi ya kuchanganya katika lita moja ya maji safi, haoni taabu ile. Lakini ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tena uchunguzi huzuia hasara. Dawa za kuua bakteria haziui rotavirusi. Baba anayemaliza franga za juma zima kununua vidonge hivyo kwa ugonjwa huu amewanyima watoto wengine chakula, na mgonjwa hakusaidiwa. Kinachomsaidia ni kunyweshwa maji yale ya paketi kidogo kidogo, kuendelea na maziwa ya mama, kupewa zinki siku 10 hadi 14, na kutiwa serumu akiwa amelegea hata hawezi kunywa. Mambo haya yote yalijulikana kwa sababu watu walichunguza na kuandika. Kwa hiyo kitabu cha mganga si adui wa mtoto.

Lakini hapo hatujammaliza yule mama. Maana kuna kuhesabu na kuhesabu. Wazee wetu wa Katanga wajua kwamba tangu miaka ya 1920 Union Minière ilipowaruhusu wafanyakazi kukaa na wake zao makambini, watoto walipimwa na kuandikwa kwa bidii. Watoto wengi waliokoka kwa kazi ile, na hatukatai. Hata hivyo kampuni ilitaka wafanyakazi wasiorudi vijijini, na wana wao wawe wafanyakazi wa kesho. Mizani ni ile ile, na mtoto ni yule yule. Lakini mmoja humpima kwa ajili yake, na mwingine kwa ajili ya shaba.

Basi tutapambanuaje? Sisi twaona hivi: anayechunguza mtoto mgonjwa amekopa kwake. Kukopa si dhambi. Dhambi ni kukopa bila kuomba, au kukopa na kutolipa.

Tutazame jambo lililotokea. Katika Malawi na Afrika Kusini watoto wachanga zaidi ya 4,900 waliingizwa katika uchunguzi wa chanjo ya rotavirusi. Theluthi yao walipewa matone yasiyo na chanjo. Wengine huona hilo ni ukatili. Lakini wakati ule hakuna aliyejua kama chanjo ile ingefaa kwa watoto wa nchi hizi. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: katika Malawi ilizuia karibu nusu ya kuharisha kukali kunakoletwa na rotavirusi, na katika Afrika Kusini karibu robo tatu. Malawi ilianza kuwapa watoto wake wote chanjo mwaka 2012. Hapo twaweza kusema kwamba deni lilianza kulipwa.

Na kwetu? Tangu mwaka 2009 watoto walioharisha walichunguzwa katika hospitali za Kinshasa na za Lubumbashi, na zaidi ya nusu yao walionekana na rotavirusi. Mwaka ule ule wa 2009 Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri chanjo itolewe katika nchi zote. Lakini Kongo iliianza mwaka 2019. Miaka kumi vichupa vilijazwa na vitabu viliandikwa, na watoto waliendelea kuharisha. Hatusemi waandishi wale walikosa. Pasipo hesabu yao chanjo ingaliweza kuchelewa zaidi. Twasema tu kwamba kujua ni mzigo. Ukishajua kinachoua mtoto, huwezi tena kukaa kama asiyejua.

Kwa hiyo twaona wajibu tatu. Wa kwanza, matibabu yatangulie: serumu kabla ya kichupa, na mtoto ambaye mamaye amekataa apewe kitanda kile kile na dawa zile zile. Wa pili, mama aambiwe kwa Kiswahili anachokielewa kinachotafutwa, tena aachwe huru. Mtoto hawezi kukubali, ndiyo sababu mama hukubali kwa ajili yake. Na kwa kuwa si mwili wake mwenyewe anaoutoa, asiombwe kamwe jambo la kumhatarisha mtoto. Wa tatu, kilichoonekana kirudi kwa wale kilikotoka, kama neno, kama dawa, kama chanjo.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Mama akiombwa kwa heshima, naye akatoa, amemsaidia mtoto wa jirani asiyemjua, labda ambaye hajazaliwa. Tena chanjo imekwisha kufika. Ni matone ya kinywani katika miezi ya kwanza. Tukiacha kuwapeleka watoto, sisi wenyewe twatupa malipo ya deni lile.

Mama yule tulimjibu hivi: “Mama, yule kijana alifanya kazi njema kwa namna mbaya. Rudi ukamwulize. Si ugomvi, ni haki yako.” Akatikisa kichwa, akamfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Twamkumbuka Msamaria wa Injili. Alifunga majeraha kwanza, ndipo akampeleka mgonjwa katika nyumba ya wageni. Tena hakuondoka kimya, bali aliahidi kurudi na kulipa kilichobaki. Kila mwenye kitabu na kichupa kando ya kitanda cha mtoto na akumbuke ahadi ile.