Kuku Mgeni na Kamba Mguuni

Wahenga walisema kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwa kawaida methali hii huwahusu binadamu: mwanafunzi aliyehamia, bibi harusi katika ukoo wa mumewe, mtumishi aliyepewa uhamisho. Leo napenda tuirudishe kwa wanyama, ilikotoka, na tuulize jambo ambalo wahenga hawakuliuliza: aliyeifunga ile kamba anadaiwa nini?

Swali hili si la watu wa Ulaya na Marekani peke yao, wanaofuga nyoka na mijusi vyumbani mwao. Hata kwetu Msimbu, na zaidi huko Dar es Salaam, utamkuta kobe amefungwa chini ya mwembe, tumbili yuko mnyororoni, kasuku yumo tunduni barazani. Wapo hata wanaomtoboa kobe gamba ili wapitishe kamba, wakidhani gamba ni kama kifuu cha nazi. Sivyo. Gamba la kobe ni mfupa ulio hai, wenye damu na hisia.

Tuanze na kuku wetu wa kienyeji. Kila mama wa hapa kijijini anakijua kideri, na wengi wanajua kuwa chanjo yake ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mfuga mbuzi naye anajua kuwa masika huleta minyoo na kiangazi huleta njaa. Maarifa hayo ni ya vizazi vingi, na wataalamu wameyaongeza yao juu yake. Sasa niambie, ndugu msomaji, ni nani kijijini anayejua kobe huugua nini mwezi wa Juni?

Kobe hana joto lake mwenyewe mwilini kama mimi na wewe. Huliazima kwa jua. Akiwa porini, asubuhi ya kipupwe hujiendea penye jua, na mchana wa Januari hujificha kivulini. Kamba ya mita mbili humnyima yote mawili. Akishinda juu ya saruji yenye unyevu wakati wa masika, chakula hakisagiki vizuri tumboni na kamasi humtoka puani. Mapafu yakijaa hawezi hata kukohoa ayasafishe, maana maumbile hayakumpa uwezo huo. Akifungiwa ndani muda mrefu bila jua, mifupa na gamba hulegea.

Kasuku wa kijivu, ambaye kwa hapa Tanzania asili yake ni misitu ya kaskazini magharibi, akilishwa mbegu tupu siku zote hupungukiwa madini ya chokaa na vitamini A. Akiachwa mpweke huweza kujinyonyoa manyoya mwenyewe. Tena ndege huficha ugonjwa, kwa kuwa porini mgonjwa anayeonekana ndiye anayeliwa kwanza. Siku unapomkuta amejikunyata chini ya tundu, huenda amekwisha kuugua siku nyingi. Nilipokuwa chuo cha ualimu niliwaambia wanachuo mara kwa mara kwamba mtoto anayelia ana nafuu, wa kumchunguza ni yule asiyelalamika. Naona ushauri huo unamfaa pia mwenye tundu.

Hapa ndipo mfugaji mwema anaponipinga. Jirani yangu mmoja, mtu mstaarabu, aliletewa tumbili mchanga akamlea. Aliniambia: “Mwalimu, huyu anakula vizuri kuliko wenzake walioko msituni. Chui hamfikii. Akiumwa namwita daktari. Nimemkosea nini?”

Ni swali zuri, na halistahili kujibiwa kwa hasira. Nilimwambia kuwa amechanganya hesabu mbili. Matibabu hulipia ugonjwa, hayalipii mnyororo. Tumbili ana mama, ana kundi, ana miti ya kupanda na matunda ya kila msimu ya kuyatafuta mwenyewe. Anayemtoa huko amejitwisha kazi zote hizo: awe jua lake, mvua yake, mti wake na ndugu zake. Binadamu gani anaiweza kazi hiyo? Hata wema wetu una hatari, kwani mafua, surua na kifua kikuu vyetu humpata tumbili, na yeye akiuma anaweza kutuachia kichaa cha mbwa.

Tena deni hili haliishi upesi. Mwaka 1919 kobe wakubwa waliletwa kisiwani Changuu, Zanzibar, kutoka Shelisheli, wakiwa zawadi. Mkubwa aliyeipokea zawadi hiyo alikwisha kufa siku nyingi, lakini mpaka leo wapo kobe kisiwani wanaohitaji kulishwa na kulindwa dhidi ya wezi. Kobe wa aina hiyo anaweza kuishi zaidi ya miaka 100. Mtu hununua mnyama kwa furaha ya mwaka mmoja, akawaachia wajukuu kazi.

Upendo nao, usipouliza mnyama ametoka wapi, unaweza kuharibu kuliko chuki. Katika msitu mdogo wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, kuna mjusi mdogo wa buluu aishiye juu ya miti ya jamii ya mkadi. Wafugaji wa Ulaya walimpenda, wakamnunulia taa za joto na vioo vizuri. Watafiti walikadiria kuwa kundi moja tu la wakamataji lilichukua zaidi ya mijusi 30,000 kati ya Desemba 2004 na Julai 2009, na mara nyingi miti yenyewe ilikatwa ili mjusi ashikwe. Mwaka 2012 mjusi huyo aliwekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Nina hakika wanunuzi wengi walikuwa watu wapole, wanaomwita daktari mjusi anapokosa hamu ya kula.

Je, basi kila tundu ni dhuluma? Hapana. Yupo chura wa Kihansi, aliyeishi katika manyunyu ya maporomoko ya Udzungwa na si mahali pengine popote duniani. Bwawa la umeme lilipopunguza maji hayo, mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani, wakatengenezewa manyunyu ya bandia ndani ya vioo. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini wamekwisha. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarejesha bondeni kwao ikaanza. Kioo kile kilikuwa kifungo pia, lakini kilijengwa kwa ajili ya chura, na waliokijenga walinuia kukifungua. Hicho ndicho kipimo changu. Muulize mwenye tundu: hili ni kwa ajili ya nani, na lina mlango wa kutokea?

Jirani yangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: “Na huyu aliyekwisha kuwa mikononi mwangu?” Kumwachia tu msituni Kazimzumbwi si jibu. Aliyelelewa na watu hajui kujitafutia, na anaweza kuwapelekea wenzake maradhi. Aidha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukaa na mnyamapori bila kibali. Pa kwanza kwenda ni ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Wakati anasubiri, amwondolee mnyororo na ampe banda pana lenye mti, jua na kivuli.

Kuhusu dawa, asijitibie kwa kubahatisha. Ivamektini, dawa ya minyoo inayomsaidia mbuzi, inaweza kumuua kobe. Afisa mifugo wetu amezoea ng'ombe, mbuzi na kuku, na si aibu akisema ataomba ushauri kwa madaktari wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mtaalamu anayekiri mpaka wa elimu yake ana thamani kuliko anayechoma sindano ili aonekane anajua.

Kwa yule ambaye bado hajanunua, nasema asinunue. Kama moyo wake unapenda kutunza kiumbe, kuku wapo, na chanjo ya kideri haijawafikia wote. Kasuku na amtazame juu ya mti, ambako kuna jua na mvua vya kumlea.