Nilimpungia Mkono

Baba alipostaafu ualimu alinunua gari ambalo kila mtu Kibondo alimwambia asilinunue: Land Cruiser ya mwaka 1988, fupi, ya milango miwili, yenye injini ya dizeli aina ya 3B, silinda nne, ujazo wa lita 3.4. Lilitoka Japani kwa meli hadi Dar es Salaam, likalipiwa ushuru pamoja na nyongeza ya uchakavu, kisha likaendeshwa siku mbili hadi nyumbani. Majirani walishangaa mzee kutumia kiinua mgongo chake kwa gari lenye umri kuliko mtoto wake wa mwisho. Baba aliwajibu kwamba halina kompyuta, na kitu kisicho na kompyuta hutengenezwa na fundi yeyote mwenye spana.

Halikuwa na kiyoyozi. Kwetu hilo si kasoro. Kibondo na Kasulu ziko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni watu huvaa masweta. Joto lipo Kigoma mjini, kando ya ziwa. Shida yetu huku ni vumbi. Barabara ya kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo mwekundu, na hata ujenzi wa lami ulipoanza tuliendelea kupita kwenye michepuko ambako lori moja likitangulia huoni tena mbele.

Mama ana pumu, na kliniki yake iko Kasulu. Safari ya kiangazi ilikuwa na njia mbili, zote mbaya. Ukifungua vioo, vumbi linaingia na kifua kinambana. Ukifunga, saa saba mchana mnaokwa kama mikate, naye anakosa pumzi kwa namna nyingine. Mwaka mmoja tulirudi naye amelala kiti cha nyuma, mkono umeshika dawa ya kuvuta, midomo imebadilika rangi. Siku iliyofuata nilianza kumtafuta fundi wa AC.

Fundi alifungua boneti, akacheka. Nafasi ilikuwa tele, ungeweza kufuga kuku humo. Tatizo lilikuwa umeme. Kama magari mengi ya dizeli ya Japani ya wakati ule, letu linatumia volti 24, betri mbili, na kompresa niliyoagiza Dar ilikuwa na klachi ya volti 12. “Mwalimu, hii ukiiunga itanuka moshi kabla hujafika sokoni,” aliniambia. Ilibidi nitafute kompresa na feni za lori. Akachomelea breketi ya kuishikilia kompresa ubavuni mwa injini, akaongeza puli na mkanda, akafunga kondensa mbele ya rejeta, akaweka evaporeta chini ya dashibodi upande wa abiria, akaunganisha mabomba, akafyonza hewa yote kabla ya kujaza gesi.

Wakati akifanya kazi alinifundisha jambo ambalo nililisoma sekondari bila kulielewa. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la ndani na kulitupa nje. Ndiyo maana injini yetu, ambayo nguvu zake hazifiki farasi 100, sasa hupanda vilima kwa kuhema, na sindano ya joto husogea: rejeta inapulizwa hewa ambayo kondensa imekwisha kuipasha. Na gesi yenyewe, R134a, ikivuja kilo moja inaipasha dunia kuliko kilo elfu moja za hewa ukaa. Ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, ng'ambo tu ya Burundi jirani yetu, yakakubaliana kuzipunguza gesi za jamii hiyo. Nafuu ya ndani ina mtu wa nje anayeilipia, na mara nyingi aliye ndani hamwoni.

Baba hakupinga. Alizunguka gari mara moja, akagonga kioo kwa kidole, akasema, “Sasa na sisi tutakuwa wale.”

Nilijua anawasema akina nani. Nilikulia Kibondo miaka ya tisini, wakimbizi wa Burundi walipomiminika wilayani kwetu, na baada yao yakaja magari meupe ya mashirika. Tulikuwa tukikimbia kando yake tukipunga mikono. Ndani uliona kivuli cha mtu, pengine na mkono ulioinuliwa, halafu vumbi. Mwaka 2015 Warundi walipokimbia tena na kambi ya Nduta ikafunguliwa upya, wanangu nao wakakimbia kando ya magari yale yale. Kwa Waha salamu si neno moja la kurusha. Mtu husimama, akauliza ya nyumbani, akangoja jibu. Kwa hiyo tuliwaona wale watu kuwa na kiburi. Haikutupitia akilini kwamba huenda mmoja wao alikuwa na pumu.

Mwezi wa tatu baada ya kufunga kiyoyozi, tukirudi kutoka Kasulu, tulikuwa tumeshavuka daraja la Malagarasi. Mama alikuwa amesinzia, anapumua vizuri. Feni ilikuwa inavuma. Kando ya barabara alisimama mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akainua mkono. Nikampungia mkono. Nakumbuka nilitabasamu.

Wiki tatu baadaye nilikutana naye sokoni Kibondo. Ni mke wa binamu yangu. Sikumtambua kwa sababu ya vumbi na mtandio. Baada ya salamu akasema, bila ukali wowote, “Siku ile nilikuita shemeji, nikakuita na jina.” Mtoto alikuwa na homa kali, anatetemeka. Alitembea kwa zaidi ya saa moja hadi akapata bodaboda. Mtoto alipona, alikuwa pale pale akila ndizi. Nilipoanza kuomba radhi alinikatiza: “Ulikuwa umefunga vioo. Ungesikiaje?”

Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Maana ndilo swali ambalo sijaweza kuliacha. Je, mtu ana hatia kwa jambo ambalo hakulisikia? Upesi tunajibu hapana. Hata sheria za dini na za serikali humhurumia asiyejua. Lakini Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anataja walevi walioadhibiwa mara mbili kwa kosa walilolitenda katika ulevi. Hoja yake ni kwamba mlevi kweli hakujua alilokuwa akilitenda, ila kutojua huko alikunywa mwenyewe. Chanzo kilikuwa mikononi mwake. Mimi kutosikia kwangu nilikununua, nikamlipa fundi akakifunga kwa nati.

Kuna majibu, na nimeyajaribu yote. La kwanza: sikununua kutosikia, nilinunua pumzi ya mama yangu. Ni kweli. Mlevi hana mama mgonjwa kwenye chupa. Lakini jibu hilo linahalalisha kiyoyozi tu. Haliihalalishi ile tabasamu. Nilipomwona amesimama na mtoto mgongoni, jua kali, mahali pasipo na nyumba, macho yangu hayakuwa na kioo cheusi. Niliamua kwamba ni salamu kwa sababu salamu haikunitaka nipunguze mwendo.

La pili: barabara ina watu wengi, huwezi kumsimamia kila mmoja. Ni kweli pia. Lakini zamani, vioo vikiwa wazi, sikuwasimamia wote vilevile, niliwasikia wote. Nilipomwacha mtu, nilijua nimemwacha, na nilifika nyumbani na sauti yake. Kiyoyozi hakikunifanya niwe mbaya zaidi. Kilinipunguzia mzigo wa kujua, na mzigo huo ndio uliokuwa ukinifanya nisimame walau mara moja katika tano.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tunaisema methali hiyo kama lawama kwa matajiri, nasi si matajiri. Tuna gari la mwaka 1988 lenye kutu kwenye milango. Sasa naisoma kama maelezo ya jinsi shibe inavyofanya kazi. Haihitaji roho mbaya. Inahitaji kioo, feni, na mtu mwema aliyechoka baada ya safari. Nawafikiria watu wa magari meupe kwa namna nyingine siku hizi. Sikuwasamehe kwa sababu hawakuwa na kosa. Niliwasamehe kwa sababu nimekaa kwenye kiti chao.

Nilimwambia baba habari za mke wa binamu, nikitumaini atanipa neno la kunipumzisha. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, “Kioo ulifunga wewe, mwanangu. Basi na kukifungua ni kazi yako.”

Kiyoyozi sijakitoa, wala sitakitoa. Nimejiwekea sharti moja: mtu akiinua mkono barabarani, napunguza mwendo, nashusha kioo changu, nauliza. Ni sharti baya. Linaharibu kazi yote ya fundi, na gharama yake hailipwi na mimi, inalipwa na kifua cha mama, ambaye sikumwomba ruhusa kabla ya kuanza. Sijui kama nina haki ya kuwa mwema kwa mapafu ya mtu mwingine.

Mara ya mwisho ilikuwa Agosti. Mzee mmoja mwenye baiskeli na mkungu wa ndizi aliinua mkono. Nikashusha kioo, vumbi la lori lililotutangulia likaingia lote. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza tunatoka wapi, akatutakia safari njema. Hakuwa na shida yoyote. Mama alijifunika pua kwa kitenge, akakohoa kwa muda mrefu, kisha akatulia.

“Alikuwa anataka nini?”

“Hakuna, mama. Anasalimia tu.”

“Umemwitikia?”

“Nimemwitikia.”

“Basi funga kioo, twende.”