Mwendeshaji wa Aristotle si Mola tunayemuabudu

Ndugu msomaji, katika mihadhara yetu husikika mara nyingi hoja kwamba hata wanafalsafa wa Kiyunani walikiri kuwepo kwa Mwenyezi Mungu. Hoja hii huwafurahisha wengi, hasa vijana wasomi. Je, ni kweli? Tuitazame kwa uadilifu.

Wayunani walisumbuliwa na swali hili: vipi kitu hubadilika? Heraclitus wa Efeso alisema kila kitu kimo katika mwendo, mfano wa mto ambao maji yake ni mapya kila mara. Parmenides akapinga. Kwake, kilichopo hakiwezi kutokana na kisichokuwepo, kwa hiyo mabadiliko tunayoyaona ni udanganyifu wa hisia tu.

Ndipo akaja Aristotle (384–322 kabla ya Nabii Issa, AS). Kwa maelezo yake, kokwa ya tende si mtende, lakini ndani yake mna uwezo wa kuwa mtende. Mabadiliko ni uwezo huo kutimia. Na kwa kuwa kila kinachoendeshwa huendeshwa na kingine, na mlolongo huo hauwezi kukosa mwanzo, lazima pawepo Mwendeshaji wa kwanza asiyeendeshwa.

Hapo ndipo baadhi ya wahadhiri wetu husimama na ukumbi ukapiga takbira. Laiti wangeendelea kusoma! Kwa Aristotle ulimwengu haukuumbwa, bali umekuwepo tangu azali. Mwendeshaji wake hashughuliki na viumbe. Hujifikiri mwenyewe tu, na mbingu huzunguka kwa kumtamani. Huyo hasikii dua ya mgonjwa, wala hatamhesabu dhalimu.

Maulamaa waliliona hilo zamani. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alijadili masuala 20 ya wanafalsafa katika Tahafut al-Falasifa. Katika matatu, likiwemo la ulimwengu kuwa wa azali, alihukumu kuwa ni ukafiri. Lakini mantiki hakuitupa: aliiandikia vitabu na kuiingiza katika usuli fiqhi. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwa kuitetea falsafa, naye alikuwa kadhi. Walitofautiana sana, lakini kila mmoja alisoma kwanza ndipo akahukumu.

Basi tusiikatae hoja kwa sababu tu aliyeisema hakuwa Muislamu. Maelezo ya uwezo na kutimia kwake yana manufaa kwa mwenye kutafakari namna mbegu inavyoota. Lakini pia tusiazime nusu ya ushahidi tukaficha nusu nyingine. Kijana tuliyemwambia kwamba Aristotle ametuthibitishia Mola wetu, siku moja atakifungua kitabu mwenyewe. Akikuta tulimficha hili, atajiuliza ni mangapi mengine tuliyomficha. Hapo tutakuwa tumeivunja imani yake kwa mikono yetu, na kisingizio chetu kitakuwa kwamba tulitaka kuijenga.

Wallahu a'lam.