Kwanza Mkalishe

Jumapili binti wa dada yangu alinipigia simu ya video kutoka Uingereza. Shikamoo yake ilitoka mbio, nikajua ana jambo. "Mjomba, Alhamisi nina usaili wa kuingia udaktari. Naomba uwe jirani yangu."

Jirani tena? Akanifafanulia. Kule alama nzuri hazitoshi, lazima usailiwe. Vyuo vingi vinafuata mtindo wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ambao waanzilishi wake waliueleza kwa maandishi mwaka 2004. Hakuna jopo moja. Unapita chumba hadi chumba, dakika chache kila kimoja, na kila chumba kina msaili wake na kisa chake. Kisa chetu cha mazoezi: umemgonga paka wa jirani kwa gari, amekufa. Nenda kamwambie.

Nilicheka. Paka! Lakini nikakubali, nikafungua mlango wa kufikirika. Binti akamwaga maneno: anasikitika mno, anaelewa maumivu yangu, yuko tayari kunisaidia. Yamenyooka kama hotuba ya mgeni rasmi.

Mama yangu alikuwa mkekani anachagua mchele. Hakuinua hata macho. "Mjukuu wangu, huyo mtu umemkalisha?" Simu ikawa kimya. "Msiba hapewi mtu akiwa amesimama."

Kauli hiyo imening'ang'ania wiki nzima, maana najua ilikotoka. Siku baba alipofariki, daktari alitukuta koridoni. "Ninyi ndio wa kitanda namba saba? Mgonjwa wenu hatunaye tena." Akashika njia yake. Mama alibaki wima, chupa ya uji mkononi.

Yule daktari kijana simlaumu sana. Tanzania, mlango mkuu wa udaktari ni cheti: Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita. Ukifaulu ukawashinda wenzako, unaingia miaka mitano ya masomo, kisha mwaka wa utarajali. Pale mlangoni, nani alimuuliza angempaje mtu habari mbaya?

Najua utakachosema. Ukileta usaili umeleta vimemo: mtoto wa mkubwa atapita, wa mkulima mwenye A zake tatu atabaki getini. Hofu hiyo siibezi, cheti hakimjui baba wa mtu. Lakini vyumba viligawanywa makusudi, ili rai ya msaili mmoja isibebe hukumu yote. Kimemo kimoja hufungua mlango mmoja. Vyumba kumi vinataka vimemo kumi, na siri ya watu kumi si siri.

Utasema pia kwamba majibu ya usaili hukaririwa. Kweli, binti yetu alikuwa ameyakariri. Bibi yake alimnasa kwa swali moja. Akanyamaza, akaomba turudie. Safari hii alibisha hodi, akasema tu, "Jirani, tukae kidogo."

Sisemi tuanze kesho. Wasaili wa kuwasikiliza waombaji wote hao watatoka wapi, na nani atawalipa? Wenye mamlaka wapige hesabu. Langu ni moja: kabla ya kumkabidhi mtu miili ya wazazi wetu, tumkalishe tumsikilize. Na kiti kimoja cha msaili asipewe profesa. Apewe mama aliyewahi kurudi nyumbani na chupa ya uji ikiwa bado imejaa.