Kipimo Mkononi mwa Mnunuzi

Mama mmoja aliitoa kamera ndani ya kipande cha kitenge, taratibu, kama mtu anayefunua Biblia ya marehemu, akaiweka mezani mbele yangu. "Ni hii," alisema. "Ya baba yao. Watoto wanasema ni ya zamani, haina hata video. Ukinipa dola mia moja na hamsini, mwanangu, nitashukuru."

Mumewe alikuwa dereva, akiwapeleka wageni kutoka Kolwezi hadi Dilolo, huku kwetu Kongo, na hapa Mutshatsha ndipo alipojenga. Mgeni mmoja, siku ya kurudi kwao, alimwachia kamera hiyo kama zawadi. Mzee akaitumia mpaka ngozi yake ikabanduka upande mmoja na lenzi ikapata kovu ukingoni. Alifariki mwaka jana. Mama bado yuko katika nguo nyeusi.

Mimi ninaishi kwa picha: za vitambulisho, za harusi, za ubatizo, za vilio. Kabla sijaigusa nilikuwa nimeshaitambua. Ni Leica M8, iliyotoka Ujerumani mwaka 2006, ya kwanza ya dijitali katika ukoo wa M ulioanza mwaka 1954. Kamera hii haikuonyeshi kile lenzi inachokiona. Unachungulia kwenye kidirisha chake cha pembeni, na katikati yake kuna kijisanduku chenye taswira ya pili ya mtu unayempiga picha. Unazungusha lenzi polepole mpaka taswira mbili zilaliane, ziwe mtu mmoja. Hapo ndipo umelenga. Kidirisha hicho pia kinaonyesha nje ya mipaka ya picha, hivyo unamwona mtu kabla hajaingia ndani yake. Kwa miaka mingi nimetamani kufanya kazi kwa namna hiyo: karibu na mtu, bila haraka.

Kwenye pembe zake rangi nyeusi ilikuwa imefutwa na vidole vya mzee, na chini yake iling'aa shaba ya njano, ile ya shaba na zinki. Mimi ni mzaliwa wa jimbo lililoitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Rangi ile sikuweza kuipita.

Lakini tamaa haiwi wito kwa sababu tu mwenye nayo ameomba juu yake. Nimejifunza kutofautisha tamaa na wito kwa jambo moja: tamaa haipendi kupimwa. Basi nikaipima. Nilifungua kibao chote cha chini, maana kadi na betri hukaa huko, nikakagua kama kuna kutu. Nilitoka nje nikalenga nguzo ya ishara kwenye reli. Taswira mbili zilikutana vizuri kwa upana, lakini moja ilikaa juu ya mwenzake kwa unene wa unywele. Fundi mwenye bisibisi sahihi anaweza kuirekebisha, ila hapa hayupo. Nilipiga picha ya ukuta mweupe, nikaikuza: mstari mwembamba ulikatiza picha kutoka juu hadi chini. Hiyo ni sehemu ya kihisi iliyokwisha kufa.

Mwisho nilimwomba Mama akae karibu na mlango, penye mwanga. Nikapiga. Tulipoitazama picha, nguo yake nyeusi ilikuwa ya zambarau.

Aliitazama kwa muda mrefu. "Mbona imeniondolea kilio?" aliuliza.

Nilimweleza. Kihisi cha M8 hupokea mwanga ambao jicho letu haliuoni, ule ulio chini ya wekundu, na nyuzi nyingi za viwandani zilizotiwa rangi nyeusi huurudisha kwa wingi. Kampuni yenyewe ilikiri, ikawapa wanunuzi vichujio viwili bure vya kufunga mbele ya lenzi. Vya mzee havikuwepo. Nilimweleza pia habari za mstari, za taswira zisizolingana, na kwamba usiku kamera hii haifiki mbali. Nilieleza kwa ufasaha, kwa huruma hata. Mama aliitikia kwa kichwa kila kasoro, na nikaona macho yake yakijiandaa kushusha bei.

Hapo nikajisikia mwenyewe. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Lakini ulimi wangu ulikuwa mwepesi kwenye kasoro na mzito kwenye thamani. Nilijua kuwa nchi za nje kamera hii, hata ikiwa imechakaa hivi, huuzwa kwa mamia ya dola, na iliyo nzima hupita elfu. Hilo sikuwa nimelisema. Mithali, katika sura yake ya 20, inamtaja mnunuzi anayeiponda mali mbele ya muuzaji, kisha akienda zake anajisifu. Sura hiyo hiyo inasema Mungu anachukia mizani ya namna mbili. Nilikuwa nimezikusanya aya zote mbili kwenye meza moja.

Swali la kusema au kunyamaza katika biashara ni la zamani. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu alichoandika mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia juu ya mfanyabiashara anayefika Rhodes na merikebu ya nafaka kutoka Alexandria wakati wa njaa. Anajua kuwa merikebu nyingine ziko njiani. Je, awaambie watu, au anyamaze auze kwa bei ya njaa? Diogenes wa Babeli alisema kunyamaza si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, alisema mnunuzi asikose kujua lolote analolijua muuzaji. Cicero aliegemea upande wa mwanafunzi. Katika karne ya 13 Thomas wa Aquino aligeuza swali likamwelekea mnunuzi: mtu akiuza dhahabu akidhani ni shaba ya njano, na mnunuzi anajua, huyo amenunua kwa dhuluma na anapaswa kurudisha. Sikuhitaji mfano ulio karibu nami kuliko huo.

Hata hivyo moyo una wakili wake, na wakili wangu alisimama. Alisema: bei ya Ulaya si bei ya Mutshatsha, hapa nani atampa zaidi? Alisema: ujuzi wako umeugharimia miaka, kwa nini ugawe bure? Alisema: kamera yenyewe ni mgonjwa, ikifa kesho hasara ni yako. Hoja hizi si za uongo. Nilizipima moja moja, na niliona zote zinaweza kusemwa mezani, Mama akisikia. Hoja iliyo halali inavumilia kusikiwa na yule inayemhusu. Ninachokitaka kwa sharti kwamba yeye asijue, hicho hakina wakili.

Nina sababu nyingine ya kulishika jambo hili kwa uzito. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilimsindikiza Papa, baba yangu, hadi depo ya wanunuzi wa madini, na mifuko mitatu ya mawe ya kobalti. Alikuwa mchimbaji. Mnunuzi alichukua Metorex, kile kipimo chenye umbo la bastola ambacho kila mchimbaji wa Kolwezi anakijua, akakibandika kwenye mfuko wa kwanza, akasubiri kidogo, akasoma asilimia ya kobalti. Kioo kilielekea kifuani kwake. "Moja nukta mbili," alisema. Jirani yetu, aliyechimba shimo lile lile, wiki ile ile alipimiwa tatu kwenye depo nyingine. Papa hakusema neno. Aseme nini, na kipimo si chake? Alipokea pesa, akazihesabu mara mbili, tukarudi nyumbani kwa miguu.

Miaka yote nimeamini kuwa dhambi ya siku ile ilikuwa namba ya uongo. Mbele ya Mama nilielewa kuwa ilianza mapema zaidi, pale kioo kilipoelekea upande mmoja. Huenda hata mnunuzi yule alisoma sawasawa. Papa hakuwa na njia ya kujua, na mtu asiyeweza kujua hauzi, ananyang'anywa kwa ridhaa yake. Sasa kipimo kilikuwa mkononi mwangu, na mwenye shimo alikuwa mjane.

Nilimwambia. Nilitoa simu nikamwonyesha bei, za nzima na za mbovu, nikarudia kasoro zote ili apime mwenyewe. Alinyamaza. Nje treni ilipita, nadhani ya shaba, ikielekea Lobito, na vikombe vikatetemeka mezani.

"Kwa nini unaniambia?" aliuliza.

"Papa yangu alikuwa mchimbaji, Mama."

Aliinamisha kichwa. Katika nchi hii maneno hayo hayahitaji maelezo.

Aliomba siku tatu aongee na mwanawe mkubwa aliye Lubumbashi. Nami siku hizo nilifanya hesabu, kama mtu yule wa Injili ya Luka anayeketi kwanza kuhesabu gharama ya mnara kabla hajaweka msingi. Akiba yangu ilikuwa dola mia mbili na thelathini. Nilijiuliza ni harusi ngapi zitakazolipa kifaa chenye mstari kwenye kihisi. Nilijiuliza pia kama kamera ninayoitumia sasa imewahi kunizuia kumwona mtu. Jibu la swali la pili lilikuwa hapana. Kazi yangu ingeendelea bila M8. Hilo lilinipa amani: sasa ningeweza kununua bila kuiba, au kuacha bila kulia.

Tulikubaliana dola mia tano: mia mbili papo hapo, na sitini kila mwezi kwa miezi mitano. Tuliandika karatasi mbili, mwanawe akasomewa kwa simu, na kwenye karatasi tukaorodhesha kasoro zote pamoja na bei za nje. Mama alisisitiza neno la mwisho liwe lake: kabla ya yote nimpige picha nyingine, akiwa katika nguo yake halisi nyeusi. Nilifanya hivyo kwa kamera yangu ya kila siku.

Nimeshalipa miezi miwili. Kichujio nilichoagiza bado hakijafika, kwa hiyo nguo nyeusi bado zinatoka zambarau, na kila mteja ninamwambia hilo kabla hajatoa pesa.

Nawe unayesoma una kipimo chako. Labda ni mizani ya mahindi, labda ni hati ya ardhi ambayo mwenzako hawezi kuisoma, labda ni bei uliyoiona kwenye simu yako asubuhi. Kabla ya kutaja namba, kigeuze kioo, mwenzako naye asome.